Mdogo wangu wa kidato cha tano anasikia sauti na familia imegawanyika: tuanzie wapi?

DadaWaMuheza

Assalamu alaykum, na habari za leo kwa wote. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 18, ambaye alikuwa akisoma kidato cha tano katika shule ya bweni iliyo nje ya mkoa wetu wa Tanga.

Shule imemrudisha nyumbani na barua inayosema kwamba amekuwa mtovu wa nidhamu, kwa maana halali usiku, haingii darasani, na amemtuhumu kiranja wa bweni kuwa anayasoma mawazo yake na kuyatangaza kwa wenzake. Tulipomkalisha na kumsikiliza tukabaini kwamba mambo haya hayakuanza juzi. Tangu likizo iliyopita alikuwa ameanza kujitenga, ameacha mpira ambao alikuwa haukosi jioni yoyote, na alama zake za hisabati, somo ambalo alikuwa akiwafundisha wenzake, zilikuwa zimeporomoka pasipo sababu tuliyoielewa. Sasa anacheka peke yake, ananong'ona kama anayemjibu mtu, amevunja laini yake ya simu kwa madai kwamba inampeleleza, na hali chakula cha mama mpaka mtu mwingine akionje kwanza. Kuoga ni mpaka abembelezwe.

Baba anaamini kijana amechezewa na watu wenye husuda, na ameshazungumza na fundi wa kupunga wa kijiji cha jirani. Mama amemnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, na anamsomea kila alfajiri. Mjomba anashikilia kwamba hii ni bangi tu, na kwamba fimbo pamoja na kazi ya shamba vitamrudisha katika hali yake. Mimi nadhani ni ugonjwa, lakini nikisema hivyo naulizwa ni ugonjwa gani usiokuwa na homa wala maumivu, nami sina jibu.

Naomba mnisaidie kwa uwazi, hata kama jibu litakuwa gumu. Je, hali hii ni nini? Tumpeleke wapi, na tumpelekeje ilhali yeye mwenyewe anasema haumwi? Je, dawa zake ni za maisha yote? Na je, masomo yake ndiyo yamekwisha?

MuuguziMstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika wodi na kliniki za afya ya akili, na maelezo yako nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa mama na dada walioketi mbele yangu, wengine wakiwa wamechelewa sana. Siwezi kumpima mtu ambaye sijamwona, lakini naweza kukueleza kile ambacho daktari atakuwa akikifikiria.

Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwa uthabiti usiotikisika kwamba watu wanakufuatilia au wanayasoma mawazo yako, na kupoteza uangalizi wa mwili na kazi zako, kwa pamoja huitwa saikosisi. Hilo ni jina la hali, nayo inaweza kuletwa na magonjwa tofauti. Inaweza kuwa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye sauti na fikra za namna hii, inaweza kuwa ugonjwa wa mihemko unaompandisha mtu na kumshusha, inaweza kuwa sonona iliyozidi, inaweza kuwa dawa za kulevya, na inaweza kuwa ugonjwa wa mwili uliofika kwenye ubongo. Ndiyo maana daktari mwangalifu hatakimbilia kukupa jina la ugonjwa siku ya kwanza, nawe usimlazimishe, kwa sababu baadhi ya majina haya hayawezi kutolewa kabla ya kuuona mwenendo wa ugonjwa kwa miezi kadhaa.

Umri wake haunishangazi hata kidogo. Kwa wavulana, skizofrenia huanza zaidi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya kati ya ishirini, na kwa wasichana mara nyingi huchelewa kidogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na ugonjwa huo, kwa hiyo katika shule kubwa ya sekondari mwalimu mkuu asishangae kumpata mmoja. Zaidi ya hapo, mambo uliyoyaona tangu likizo, yaani kujitenga, kuacha mpira na kuporomoka kwa alama, yanafanana sana na kipindi cha mwanzo ambacho huutangulia ugonjwa kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, kabla ya sauti yoyote kusikika. Wazazi wengi hukiita kiburi cha ujana, na walimu hukiita uvivu.

Sasa nakuomba ulishike jambo hili kuliko mengine yote nitakayoyaandika: muda unaopita kati ya dalili za kwanza na tiba ya kwanza ni kitu ambacho familia ina uwezo nacho. Umri hamuwezi kuubadilisha, na damu aliyozaliwa nayo hamuwezi kuibadilisha, lakini huo muda mnaweza kuufupisha. Vijana wanaotibiwa mapema hupata nafuu kwa wepesi zaidi na hurudi kwenye masomo na kazi kwa wingi zaidi kuliko wale wanaozungushwa kwa mwaka au miaka kabla ya kuletwa.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nendeni hospitali ya wilaya hapo hapo Muheza mkaombe rufaa kama itahitajika kwenda Bombo, ambayo ni hospitali ya mkoa. Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ipo pia hospitali ya Lutindi iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri, ambayo imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904 na inawapokea watu wa dini zote. Ikitokea kwamba hali ni ngumu kuliko hapo, rufaa za juu huenda Muhimbili au Mirembe ya Dodoma. Hata hivyo, vijana wengi hawahitaji kufika huko, wala hawahitaji kulazwa. Ulizeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama, maana familia nyingi hulipa kwa sababu tu hazikuuliza.

Namna ya kumpeleka ndilo jambo linalowashinda wengi. Msibishane naye kuhusu kiranja na laini ya simu, kwa kuwa hoja zenu hazitaingia na mtamfanya awaone nanyi kuwa miongoni mwa maadui. Wala msimkubalie, kwa sababu siku akigundua kwamba mlikuwa mkimdanganya hatawaamini tena. Semeni naye juu ya yale ambayo yeye mwenyewe anayalalamikia: kwamba halali, kwamba amechoka, kwamba ana hofu. Mtu anayekataa kwamba ana ugonjwa wa akili mara nyingi hukubali kwenda kutafuta dawa ya usingizi, na huo si uongo, kwa maana kukosa usingizi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Aende na yule anayemwamini zaidi, asiende na kundi la wanaume wenye kamba. Msimfunge na msimfungie.

Kuna hali ambazo hazisubiri kubembelezana. Akisema kwamba sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akikataa maji na chakula kabisa, akipata homa kali, shingo ikakakamaa, akapata degedege au asijue yuko wapi na ni mchana au usiku, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho, kuhusu baba. Usimwekee vita. Nimewaona wazee wengi wanaokubali hospitali pale wanapoambiwa kwamba dua haikatazwi, na wanaoikataa pale binti yao anapowadharau mbele ya watu. Mwombe akubali masharti machache kwa huyo fundi: kijana asipigwe, asinyimwe chakula wala maji, asifungiwe kwenye moshi, asikatazwe dawa za hospitali, na siku ya kliniki isiahirishwe kwa ajili ya ngoma. Fundi anayeyakataa masharti hayo, baba mwenyewe atamjua.

MkulimaWaHandeni

Pamoja na heshima yangu kwa mama muuguzi, nadhani mjomba wa kijana amepuuzwa haraka mno. Katika eneo letu vijana kadhaa wameharibika kwa namna hii hii, na kila mmoja alipochunguzwa alikutwa anavuta bangi na wenzake nyuma ya shule. Kabla ya kuhangaika na rufaa na madaktari bingwa, familia imchunguze kijana huyo, imtenge na marafiki zake na impe kazi ya kumchosha mwili. Ugonjwa wa kujitakia hautibiwi kwa kubembelezwa.

TabibuWaZamu

Mkulima, hoja yako ina sehemu ya ukweli, na ningependa kuitenganisha na ile ambayo itamuumiza kijana.

Ni kweli kwamba bangi ina uhusiano na saikosisi. Uhusiano huo unaonekana zaidi kwa wale walioanza kuvuta wakiwa bado wadogo, wanaovuta kila siku, na wanaotumia bangi kali. Na kwa mtu ambaye tayari amerithi wepesi wa kuugua, bangi inaweza kuuwahisha ugonjwa ambao pengine ungekuja baadaye au usingekuja kabisa. Kwa sababu hiyo nitakapomwona kijana wa aina hii nitamuuliza kuhusu bangi, mirungi, pombe na vidonge, nikiwa naye peke yake bila mzazi kuwepo, kwa kuwa mbele ya mjomba mwenye fimbo hakuna kijana atakayesema kweli.

Lakini wengi wa wanaovuta bangi hawapati saikosisi, na wapo wengi wanaopata saikosisi ambao hawakuwahi kuivuta. Kipimo cha mkojo nacho kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya mtu kuiacha kama alikuwa mvutaji wa kila siku, kwa hiyo kipimo kikionyesha kwamba ameivuta, hakijathibitisha kwamba ndiyo iliyomfikisha hapo. Wapo pia wanaoanza kuvuta baada ya kuugua, wakitafuta usingizi au wakitaka kuzinyamazisha sauti. Saikosisi iliyoletwa na kilevi peke yake kwa kawaida hutulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kukiacha. Ikivuka mwezi mzima, tunapaswa kufikiria ugonjwa unaojitegemea. Katika hali zote hizo mgonjwa anahitaji matibabu, na hakuna hata moja ambayo fimbo inaitibu. Kumchosha kwa jembe mtu ambaye hajalala usingizi wa maana kwa wiki kadhaa ni kumwongezea ugonjwa.

Kwa dada, nina jibu la lile swali la ugonjwa usiokuwa na homa wala maumivu. Kwanza kabisa tunatafuta kama kuna ugonjwa wa mwili, na katika mazingira yetu hilo si jambo la kupitia juu juu. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa, maambukizi ya VVU, kaswende iliyokaa muda mrefu, hitilafu za tezi la shingo, na hata baadhi ya dawa, ikiwemo efavirenzi iliyotumika kwa miaka mingi kutibu VVU, vyote vinaweza kumfanya mtu aone au asikie visivyokuwepo. Mara nyingi tofauti huonekana kwa namna ugonjwa ulivyoingia. Mwenye ugonjwa wa mwili mara nyingi huchanganyikiwa ghafla, hajui saa wala mahali, fahamu zake huja na kupotea ndani ya siku moja, na huona vitu zaidi kuliko kusikia sauti. Mdogo wako, kwa jinsi ulivyoeleza, anaonekana kujua yuko wapi na leo ni siku gani, ila amejenga maelezo yasiyo ya kweli juu ya ulimwengu unaomzunguka. Hilo linatuelekeza kwenye saikosisi ya msingi, yaani isiyoletwa na ugonjwa wa mwili, lakini vipimo lazima vifanyike.

Na kama baba atauliza kwa nini mtoto wake na si wa jirani, mwambie kwamba ugonjwa huu hufuata damu kwa kiasi fulani. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua skizofrenia ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kuugua, ilhali kwa watu wa kawaida ni chini sana ya hapo. Hata hivyo, katika mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwenzake huugua kwa takriban nusu tu ya mara zote au pungufu, kwa hiyo kurithi si hukumu. Waulizeni wazee taratibu kama katika ukoo alikuwepo mjomba au shangazi aliyeondoka nyumbani akawa anatangatanga. Mara nyingi yupo, ila hatajwi.

MamaWaKisauni

Mwanangu wa Muheza, mimi naandika kutoka Mombasa, na kijana wangu aliugua akiwa na umri wa huyo nduguyo. Sitarudia yaliyosemwa na wataalamu. Nataka nikutahadharishe juu ya jambo moja ambalo nililiona nyumbani kwangu, na ambalo hakuna mtu katika hospitali tuliyokwenda aliyetueleza kabla halijatokea.

Kijana alianzishiwa haloperidoli, mojawapo ya dawa za saikosisi. Usiku wa pili shingo yake ilijipinda upande mmoja, ulimi ukatoka, macho yakageuka juu yakabaki weupe mtupu. Nyumba nzima ilipiga kelele. Wazee wakasema kwamba sasa jini limejidhihirisha kwa hasira ya kuchokozwa na dawa za kizungu, na dawa zikatupwa chooni usiku ule ule. Tulimpeleka kwa fundi, na hospitali hatukurudi mpaka alipozidiwa kabisa. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba lile lilikuwa dhara la dawa linalojulikana vizuri, kwamba huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na kwamba huondoka kwa sindano au kwa vidonge vya benziheksoli, ambavyo wengi wanaviita Artane. Laiti ningeambiwa kabla, ningempandisha teksi usiku huo nimrudishe hospitali, na tungeokoa muda mwingi.

Kwa hiyo, mnapopewa dawa, ulizeni ni madhara gani yanaweza kutokea na mfanye nini yakitokea, na mama pamoja na baba wawepo wasikie kwa masikio yao. Baadhi ya dawa humfanya mtu asitulie kukaa, akawa anatembea huku na huko mpaka mkadhani wazimu umeongezeka. Nyingine humkakamaza na kumtoa mate. Olanzapini ilimfanya wangu ale sana na kunenepa, nasi tulifurahi mpaka daktari alipotuambia apimwe sukari. Akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari kubwa na haingoji asubuhi.

Dawa hizi pia hazifanyi kazi kwa mkupuo. Usingizi na utulivu huja mapema, lakini zile fikra za kwamba watu wanampeleleza huchukua wiki kadhaa kulegea. Jirani atakuja siku ya tano aseme kwamba dawa imeshindwa. Mpe chai, na dawa iendelee.

DadaWaMuheza

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Maelezo ya mama wa Kisauni nimeyasoma kwa sauti mbele ya baba, na nadhani ndiyo yaliyomgeuza, kwa sababu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba kama hata vituko vya namna ile vina maelezo ya kitabibu, basi na twende tukasikilize. Alitoa sharti kwamba kisomo cha mama kiendelee, na daktari alipoelezwa hakuona ubaya wowote.

Kijana alikubali kwenda kwa ajili ya usingizi. Vipimo vya damu havikuonyesha malaria wala maambukizi mengine, na kuhusu bangi alimweleza daktari mwenyewe kwamba alionja shuleni ila hakuendelea. Ameanzishiwa risperidoni, nayo ni dawa ya saikosisi, kidonge cha usiku kwa dozi ndogo itakayopandishwa taratibu, na tumepewa vidonge vya akiba kwa ajili ya hilo la shingo. Sasa analala, anakula chakula cha mama bila kuonjewa, na anasema kwamba sauti bado zipo ila zimekwenda mbali.

Maswali yaliyobaki ni haya. Anaanza kuuliza, "Mimi nina nini?" nasi tunatazamana. Je, tumweleze? Shule inataka kujua kama atarudi. Na Ramadhani inakaribia, naye ameapa kufunga, je, tumzuie? Lile la muda wa dawa pia bado sijalielewa vizuri.

AliyewahiKupita

Dada, mimi niko upande wa pili wa swali lako, kwa maana niliwahi kuwa yeye. Niliugua nikiwa mwaka wa kwanza wa chuo, na leo nina kazi na familia, ingawa bado nahudhuria kliniki. Tafadhali mwelezeni.

Kabla sijaelezwa nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe, na yalikuwa ya kutisha kuliko ukweli wowote ambao daktari angenipa. Nilipoambiwa kwamba ubongo wangu unatoa sauti na kuniaminisha kwamba zinatoka nje, na kwamba watu wengine wengi yamewapata hayo hayo, nilipata kwa mara ya kwanza kitu cha kushika. Usianze na jina zito la ugonjwa, hasa kama daktari mwenyewe bado hajalithibitisha. Anza na yale anayoyahisi, umwambie kwamba yana sababu, yana tiba, na kwamba hakuna aliyemkasirikia. Aulize atakavyo. Mkasirikieni ugonjwa, na kelele ndani ya nyumba zipungue, kwa kuwa nyumba yenye kulaumiana na kufuatana kila hatua huurudisha ugonjwa hata kwa mtu anayemeza dawa zake sawasawa. Wataalamu wamelichunguza hilo kwa miaka mingi, nami nimelishuhudia kwa mwili wangu.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazilitarajii. Nilipokuwa mgonjwa sana sikuwa na hamu ya kufa, kwa sababu nilikuwa na vita vya kupigana. Hamu hiyo ilinijia nilipoanza kupona, nikatambua niliyoyasema mbele ya watu, nikaona wenzangu wamekwenda mbele na mimi nimebaki. Wakati huo kila mtu nyumbani alikuwa anashangilia kwamba nimetulia. Kwa hiyo msidhani kwamba utulivu wake ni salama moja kwa moja. Muulizeni waziwazi kama mawazo ya kujiua yanamjia. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mimi niliulizwa na muuguzi mmoja, na nilichohisi ni kwamba nimepata mtu wa kubeba nami. Vidonge vyote vikae kwa mama, sumu za shamba zifungiwe, na akikubali kwamba mawazo hayo yapo, mrudisheni kliniki siku hiyo bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

TabibuWaZamu

Naongezea kuhusu muda wa dawa, kwa kuwa hapa ndipo kazi nzuri ya familia nyingi inapoharibika. Baada ya tukio la kwanza, dawa huendelea kwa angalau mwaka 1 tangu dalili zitulie, na wataalamu wengi hupendelea kufika miaka 2, kisha hupunguzwa polepole chini ya uangalizi. Ugonjwa ukirudi zaidi ya mara moja, muda huo hurefuka, na kwa baadhi ya watu huwa wa maisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia hupona kabisa, na hapa hatuna hata uhakika kwamba mdogo wako ana skizofrenia.

Kijana atakapoanza kujiona mzima, atawaambieni kwamba hahitaji tena kidonge. Ukimkatia dawa wakati huo unafanana na fundi ujenzi anayeng'oa mbao kabla zege halijakauka: kwa siku chache hakuna kitakachoonekana, na ndiyo maana watu huamini kwamba walifanya sawa. Wengi huugua tena ndani ya miezi baada ya kuacha ghafla, na kila ugonjwa unaporudi huweza kuchukua muda mrefu zaidi kutulia. Kama kumeza kila siku kutamshinda, zipo sindano za kila baada ya wiki kadhaa, na si adhabu. Baadhi ya vijana huzipenda kwa sababu zinawaondolea ugomvi wa kila usiku na mama.

Bangi aliyoionja asiionje tena. Kwa mtu ambaye ameshapata saikosisi mara moja, kuendelea kuvuta ni miongoni mwa mambo yanayourudisha ugonjwa kwa uhakika zaidi.

MwalimuWaUnasihi

Nimekuwa mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya bweni, hivyo nitajibu lile la shule.

Masomo hayajakwisha, lakini msiharakishe. Mtoto aliyetulia nyumbani kwa wiki chache hajawa tayari kwa kengele ya alfajiri, bweni la vitanda vingi, na desturi ya kukesha na vitabu wakati wa mitihani. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumrudisha alikotoka. Ningeshauri aanze kusoma nyumbani kwa saa chache, somo moja au mawili, aone kama umakini unarudi, maana umakini na kumbukumbu huchelewa kurudi kuliko tabia, na hili huwavunja moyo vijana waliozoea kuongoza darasa. Ikiwezekana, arudi katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani na karibu na kliniki yake, hata kama jina la shule hiyo si kubwa kama la kwanza. Akirudia mwaka, arudie; kuna watu wazima wengi wenye heshima zao waliorudia mwaka kwa malaria.

Ile barua ya utovu wa nidhamu isiachwe ilivyo. Ombeni hospitali iandike barua inayosema kwamba mwanafunzi alikuwa mgonjwa na yuko chini ya matibabu, bila kulazimika kutaja ugonjwa, kisha baba aipeleke mwenyewe kwa mkuu wa shule na kuomba kumbukumbu za nidhamu zirekebishwe na nafasi yake ya kuahirisha masomo iandikwe rasmi. Shuleni wanaohitaji kujua habari kamili ni wachache: mkuu wa shule, mwalimu wa unasihi, na matroni au patroni atakayeshika dawa kama atalala bweni. Darasa zima halihitaji. Huyo kiranja aliyetuhumiwa naye azungumziwe kwa upole, kwani nadhani amebeba lawama ambayo haelewi imetoka wapi.

MuuguziMstaafu

Mwanangu, nimefurahi kusoma kwamba baba mwenyewe alikwenda.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa katika dini yake, na imamu wenu atawaeleza vizuri kuliko mimi. Kwa upande wa dawa, kidonge cha risperidoni kinachomezwa mara moja usiku kinaweza kukaa vizuri baada ya futari au kabla ya kulala, kwa hiyo kufunga si lazima kumvurugie dozi. Ninachokihofia ni usingizi. Tarawehe, barza za usiku na kuamka kula daku humpunguzia kijana saa za kulala, naye kwa sasa anazihitaji zote. Mwaka huu, wakati tiba ndiyo kwanza imeanza, ningemsihi aahirishe na alipe baadaye. Akikataa kabisa, basi alale mapema, daku aamshwe dakika za mwisho, na alale tena baada ya swala. Kama daktari atakuja kumbadilishia dawa akampa lithiamu, dawa ya kutuliza mihemko, hilo ni jambo jingine, kwa sababu dawa hiyo hupanda kwa hatari ndani ya damu mtu anapokosa maji, na hapo asifunge bila daktari kupima damu yake na kutoa ruhusa.

Pelekeni swali hili kliniki kabla mwezi haujaandama, na mwulizeni daktari mbele ya kijana, ili jibu alisikie yeye mwenyewe.